Ingekuwaje kama Sony wangenunua Marvel yote mwaka 1998?

Mzee wa Banda, Morogoro

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo moja ambalo limenikaa kichwani muda mrefu.

Marvel, kampuni ya Marekani ya vitabu vya katuni vya mashujaa, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Desemba 1996. Miaka miwili baadaye ilikuwa mikononi mwa watu wa Toy Biz, kampuni ya midoli, na wale walihitaji fedha haraka. Mwaka 1998 Sony walikwenda kununua haki za filamu za Spider-Man. Inaripotiwa kwamba waliwekewa mezani karibu mashujaa wote ambao hawakuwa wameshauzwa kwingine, Thor, Black Panther, Ant-Man na wenzao, kwa dola milioni 25 tu. Wakubwa wa Sony wakaona hao wengine hawana mtu wa kuwatazama. Wakamchukua Spider-Man peke yake, kama dola milioni 10 na asilimia 5 ya mapato.

Watu wengi husema ile ilikuwa hasara kubwa kuliko zote Hollywood. Mimi naona tofauti. Wangekubali, kile tulichokiona kati ya 2008 na 2019, filamu za Marvel zilizounganishwa mashujaa wakakutana, kisingekuwepo kabisa.

Tazameni hali ilivyokuwa. X-Men walikuwa Fox. Fantastic Four walikuwa kwa Wajerumani wa Constantin, wakishirikiana na Fox. Blade alikuwa New Line, Hulk alikuwa Universal. Kila nyumba ya filamu ilimfungia shujaa wake ndani. Spider-Man ya Sam Raimi ilipotoka Mei 2002 ilikusanya zaidi ya dola milioni 114 Marekani peke yake kwa siku tatu za mwanzo. Sasa niambieni, baada ya fedha kama ile, nani pale Sony angekubali kumpunguzia Spider-Man dakika 20 ili tumwone Ant-Man? Wangetoa filamu za Spider-Man, wangejaribu Captain America mara moja, waliobaki wangelala kabatini.

Nilikuwa na banda umiza, banda la kuonesha video, Kihonda miaka ile. Filamu zilikuja kwenye zile diski za Kichina, filamu nyingi ndani ya DVD moja. Ningeweka Blade, ikaisha, ikafuata Spider-Man, ikafuata X2 (X-Men ya pili), ikafuata Daredevil. Wateja wangu, vijana wa gereji na wauza mahindi, hawakujua habari za Fox wala Sony. Waliniuliza kila wiki: hawa masteringi wote wako New York, mbona mmoja akizidiwa wenzake hawaji? Na mtafsiri mmoja, jina lake silitaji, alikuwa na tabia ya kuwaunganisha mwenyewe. Daredevil akiwa juu ya paa usiku, utamsikia anasema kwa Kiswahili, "Hapa anamsubiri Blade, leo wana kazi ya pamoja." Banda zima linashangilia. Yale maneno hayakuwepo kwenye filamu, lakini watu walitoka wameridhika kuliko siku nyingine yoyote.

Kwa hiyo swali langu: Sony wakisema ndiyo mwaka 1998, nani anakuwa wa kwanza kuwakusanya mashujaa kwenye filamu moja? Na Black Panther anaishia wapi?

Afisa Mikopo, Dodoma

Mkuu, umesahau benki, na hapo ndipo roho ya habari hii ilipo.

Mwaka 2005 Marvel walipata mkopo wa dola milioni 525 kupitia Merrill Lynch ili watengeneze filamu zao wenyewe. Dhamana haikuwa jengo wala kiwanja. Ilikuwa haki za filamu za mashujaa kumi, wakiwemo Captain America, Avengers, Black Panther, Doctor Strange na Shang-Chi. Filamu zingeanguka, Marvel wangepoteza haki zile. Mimi nakaa na mafaili ya dhamana kila siku, na nakwambia hakuna shinikizo linalomfanya mtu apange mambo yake vizuri kama lile. Kevin Feige, mtayarishaji wa filamu za Marvel, na wenzake hawakuunganisha filamu kwa mapenzi tu. Thor hakuwa na jina la kujaza ukumbi peke yake, ilibidi Iron Man ambebe.

Kama dhamana ile ingekuwa imeshauzwa Sony tangu 1998, mkopo usingetoka.

Ila hapo kwenye "wangelala kabatini" nina shaka. Mikataba ya aina hii huwa na muda. Studio isipoanza filamu ndani ya kipindi fulani, haki zinarudi kwa mwenyewe. Iron Man alizunguka Universal, Fox na New Line bila kutengenezwa, akarudi Marvel mwishoni mwa 2005. Thor na Panther nao wangerudi siku moja. Nadhani historia ingechelewa miaka kadhaa tu.

Kijana wa Gotham

Mnawasahau Warner, wenye mashujaa wa DC kama Superman na Batman. Mwaka 2007 George Miller, yule wa Mad Max, alikuwa tayari kupiga Justice League, kundi zima la mashujaa wa DC, huko Australia. Waigizaji walishapatikana: Armie Hammer awe Batman, Megan Gale awe Wonder Woman, na mwanamuziki Common awe Green Lantern. Novemba mwaka huo waandishi wa Hollywood wakagoma mpaka Februari 2008, hati ya filamu ikakwama. Kisha Australia ikakataa kuipa nafuu ya kodi. Warner wakaiacha.

Mgomo usingekuwepo, DC wangekuwa wa kwanza hata bila Sony kununua chochote. Na mashujaa wao wote walikuwa nyumba moja miaka yote! Superman alitoka 1978, Batman 1989, hawakukutana kwenye filamu ya waigizaji halisi mpaka 2016. Kwa hiyo kumiliki wote si dawa. Hapo nakubaliana na Mzee wa Banda.

Nyar Nam, Kisumu

Mzee, shikamoo. Umeuliza Black Panther anaishia wapi, nami naomba nikuulize Ororo yuko wapi.

Ororo Munroe, yaani Storm wa kundi la X-Men, alianza kwenye vitabu vya katuni mwaka 1975. Mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme wa Kenya. Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anapokuja kumtafuta anamkuta Kenya, watu wanamheshimu kama mungu wa mvua. Huyo ni wetu kabisa, na hakuna mwingine kwenye katuni za Marekani niliyempenda hivyo nikiwa msichana. Kaka yangu alikuwa na nakala chache zilizochakaa alizonunua kwa wauza vitabu vya mitumba, nikazisoma mpaka majalada yakatoka.

Filamu ya X-Men ya 2000 ilipokuja, Halle Berry alijaribu lafudhi kidogo. Ya pili lafudhi imeondoka. Kenya haipo popote. Ni mwanamke mwenye nywele nyeupe anayesimama nyuma ya Wolverine.

Kwenye vitabu Ororo aliolewa na T'Challa, ndiye Black Panther mwenyewe, mwaka 2006. Kwenye sinema wasingeweza hata kusalimiana, kwa sababu yeye alikuwa wa Fox na T'Challa alikuwa wa Marvel, kisha Disney. Disney walimaliza kuinunua Fox Machi 2019, mwaka mmoja baada ya Black Panther. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki Agosti 2020. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi miezi kumi na saba tu, na hakuna aliyeingia. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana mimi sianzii 1998. Naanzia wakati mwigizaji Wesley Snipes alipokuwa akitaka kumwigiza Black Panther, katikati ya miaka ya 90. Aliuhangaikia mradi ule, ukakwama, akaenda kufanya Blade. Laiti Fox wangemchukua T'Challa pamoja na X-Men, wawili hao wangekuwa nyumba moja tangu mwanzo.

Mzee wa Banda, Morogoro

Marahaba, binti yangu. Umenifungulia njia ambayo sikuwa nimeiona.

Nianze na Afisa Mikopo. Ni kweli haki hurudi, lakini studio ina namna ya kuzizuia zisirudi. Mwaka 1994 kulikuwa na filamu ya Fantastic Four iliyotengenezwa na Roger Corman kwa takriban dola milioni moja, haikutolewa kamwe. Wengi huamini ilipigwa ili Constantin wasipoteze haki zao. Sony wangefanya vivyo hivyo: Thor ya bei rahisi, Panther ya bei rahisi, kila baada ya miaka michache. Shujaa aliyekaa kabatini unaweza kumsubiri. Aliyetolewa vibaya mara mbili, watu wanakwambia wameshamwona.

Sasa ya Nyar Nam. Nimeipanga hivi. Fox wanamchukua T'Challa pamoja na X-Men, 1994. Snipes anacheza Panther 1997, si filamu kubwa, ya kiasi cha Blade, ambayo ilitumia dola milioni 45 ikarudisha 131. Mwishoni mwa filamu ile, sekunde thelathini tu, mvua inanyesha juu ya kijiji na mwanamke mwenye nywele nyeupe anashuka. Mwaka 2000 X-Men inapotoka, tayari tunajua Ororo ametoka wapi. Nick Fury, yule mkusanya mashujaa, hahitaji kuja sebuleni kwa Tony Stark mwishoni mwa Iron Man ya 2008, kwa sababu mchezo wa kuunganisha filamu umeshaanza, na umeanzia Afrika.

Ningelijaza banda langu kwa filamu hiyo wiki nzima, bila mtafsiri kuongeza neno.

Kitu kimoja kinanisumbua. Tungepata hii, tungemkosa Boseman na kazi yote ya mwongozaji Ryan Coogler kwenye Black Panther ya 2018, pamoja na Lupita wenu. Mimi ningekubali biashara hiyo kwa shida sana.

Nyar Nam, Kisumu

Mimi ningekataa, Mzee. Black Panther ilipooneshwa hapa Kisumu Februari 2018 nilimpeleka mama, ambaye hajawahi kupenda filamu za ngumi, na alikaa mpaka majina ya mwisho. Hiyo siitoi.

Ila si lazima tuchague. Snipes 1997 awe mfalme T'Chaka, baba yake, tena kijana. Coogler aje 2018 na mtoto. Na Ororo nampa Angela Bassett. Yeye na Snipes walishaigiza pamoja kwenye Waiting to Exhale mwaka 1995, na mtu yeyote aliyeona ile sehemu yao ya baa anajua wangelibeba hili.

Kijana wa Gotham

Lakini Bassett ndiye Malkia Ramonda, mama yake T'Challa, kwenye ile ya 2018. Ukimpa Ororo, Ramonda anakuwa nani?

Nyar Nam, Kisumu

Ororo huyo huyo ndiye anakuwa mama yake. T'Challa anazaliwa na mama Mkenya mwenye kuita radi. Mpangieni Coogler hiyo, mimi naanza kuandika sura ya kwanza usiku huu.