Hivi ni kweli sisi wa mjini maziwa yanakata, au ni kazi ndo inatuachisha?

MamaKibibi_Mbagala
Habari zenu wadada, nina mtoto wa miezi mitatu, siku 84 za likizo ya uzazi zimeisha nimerudi dukani Kariakoo, natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala narudi saa mbili usiku kalala. Juzi kufika saa nne asubuhi maziwa yamejaa yanavuja mpaka blauzi imelowa mbele ya mteja, nikajifunga khanga nikaenda chooni kukamua, nikayamwaga kwenye sinki huku nalia. Wifi yangu yuko Singida mtoto wake ana mwaka na nusu bado ananyonya tena analima naye mgongoni. Mama mkwe anasema nianze uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe, wa mjini hatuna maziwa. Ni kweli? Mlionyonyesha mkiwa kazini mliwezaje?

NesiWaKliniki
Pole mdogo wangu. Blauzi ikilowa saa nne maziwa unayo tena mengi. Ziwa linatengeneza kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa, ukikaa nalo limejaa kutwa nzima mwili unajua hayahitajiki unapunguza, hapo ndo watu wanasema yamekata. Kuhusu wifi, kunyonyesha muda mrefu na kunyonyesha maziwa pekee ni vitu viwili. Kliniki napokea mama wa shamba ananyonyesha mpaka miaka miwili na ni vizuri sana ila maji na uji kampa mtoto akiwa na miezi miwili, alafu mama mwenye ajira anashika maziwa pekee vizuri tu mpaka siku ya kurudi kazini ndo inavunjika. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita Tanzania wananyonya maziwa ya mama pekee, 2015-16 ilikuwa 59, lakini wakifika miezi minne mitano wanapungua sana. Uji bado, mwambie mama kwa upole tu. Na wenye VVU wanaosoma hapa, mkimeza dawa vizuri na nyie mnanyonyesha, msiogope.

Bi_Likoni
Dada huku Kenya watoto wa kunyonya maziwa pekee mwaka 2003 walikua asilimia 13 tu, 2014 wakafika 61, kwa hivyo si miili yetu ilobadilika. Sheria ya afya ya 2017 inataka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, mie nilipata kile chumba ndo nikafika mwaka na miezi minane, dadangu mwenye kibanda cha viazi karai hana mwajiri wala chumba akaachisha miezi minne. Huyo nani anamuwekea chumba?

Mama_wa_Mapacha
Sheria ya ajira ya 2004 ya hapa kwetu inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya saa za kazi kwa ajili ya kunyonyesha, wengi hatuijui. Mimi niliongea na bosi nikayaunganisha nikawa natoka mapema masaa mawili. Kazini nakamua kwa mkono mara tatu, chombo safi cha mfuniko, naweka kwenye kile kiboksi cha wauza aiskrimu chenye chupa za maji yaliyogandishwa. Nje yasizidi masaa manne, na kwa joto la Dar usingoje hata hayo, kwenye friji siku nne. Dada wa kazi nyumbani anampa kwa kikombe. Usiku nalala naye ananyonya anavyotaka. Na usimwage tena mama, hayo ni chakula chake cha kesho.

MamaKibibi_Mbagala
Asanteni mno, nimesoma hii ya masaa mawili mara tatu. Kesho naongea na bosi kabla hatujafungua. Stoo ya nyuma kuna kiti na mlango unafungwa. Mama wa Mapacha, mtoto alikubali kikombe siku ya kwanza? Wangu jana katema yote kwa dada.

Mama_wa_Mapacha
Mmoja siku ya pili, mwingine karibu wiki. Mpe kabla hajaanza kulia kwa njaa, umkalishe wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini ayalambe mwenyewe, dada asimmiminie.