Naomba ushauri: risasi ya Kijapani kwenye sanduku la marehemu babu

Habari zenu wakuu. Babu yangu alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni), akapelekwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapigana na Wajapani bonde la Kabaw. Juzi tukipanga vitu vyake nimekuta, ndani ya soksi ya sufu, risasi moja nzima.

Ganda ni la shaba nyeupe-njano iliyofifia, kichwa ni cha madini ya risasi matupu, cha mviringo, imeota unga mweupe. Kitakoni hakuna maandishi hata moja. Nimepima ganda kwa rula: milimita 22, na ukingo wake ni mwembamba sana. Ndiyo maana naamini ni ya ile bastola ya mzunguko ya jeshi la Japani, Aina ya 26, ya mwaka 1893, ya risasi sita za milimita 9. Risasi za bastola za maofisa wa Kiingereza, za inchi .38, ganda lake ni fupi, halifiki milimita 20.

Kiduara cha katikati ya kitako, kinachowasha baruti, hakijagongwa, kwa hiyo baruti bado imo. Nimeirudisha ndani ya soksi, mbali na jiko na watoto.

Najua kukaa na risasi bila kibali ni kosa, na nataka kuikabidhi polisi. Ila inaniuma ikipotea hivi hivi. Kuna aliyewahi kukabidhi kitu kama hiki? Nianze na mwenyekiti wa mtaa au niende kituoni moja kwa moja? Na inawezekana itolewe baruti, ganda lipelekwe makumbusho na jina la babu?