Nataka kupunguza pombe polepole, lakini atelie (karakana) yangu inapakana na bar

Fundi wa Katuba

Habari zenu wakubwa na wadogo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Natengeneza milango, mageti na vyuma vya madirisha. Nina bibi na watoto watatu. Kila jioni nakunywa bia ya Simba chupa kubwa tatu, na siku ya malipo zinafika tano. Mchana sinywi, kazi yangu watu wanaisifu. Lakini bibi ameanza kunificha pesa ya minervali (ada ya shule). Na mtoto wangu wa pili, akisikia geti linafunguka usiku, anazima taa na kujifanya amelala. Hilo limeniuma kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa.

Nataka kushuka kidogo kidogo, nifike mahali pa kunywa Jumamosi tu, au niache kabisa nikiweza. Nimejichunguza nikaona kwamba kuna saa zinazonivuta. Ya kwanza ni saa kumi na moja jioni, nikizima mashine. Mwezi huu wa kumi mnajua joto lake, na moshi wa kuchomelea unakaa kooni, basi koo linaita kitu cha baridi. Ya pili ni malipo. Mteja akiufurahia mlango wake hanilipi pale atelie, ananiita bar, pesa inahesabiwa juu ya meza na chupa ya kwanza anaitoa yeye. Ya tatu ni umeme ukikatika. Bila umeme sina kazi, na kiti cha kungojea kiko mbele ya bar. Halafu kuna Jumapili timu yetu ya Mazembe ikicheza, na kuna vilio (misiba), maana kwetu kilio hakikosekani.

Naomba waliopita njia hii waniambie nianzie wapi. Na mteja nimwambie nini bila kupoteza kazi?

Kijana wa Ruashi

Yaya (kaka), kupunguza ni kujidanganya. Funga roho, acha leo hii, ukae ndani siku tatu, kwisha. Mjomba wangu alifanya hivyo na mpaka leo hagusi.

Infirmie, Kampemba

Kijana, mimi ni infirmie (muuguzi), namshukuru Mungu mjomba wako alipona. Lakini shauri hilo usimpe mtu usiyemjua mwili wake. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Saa sita tu baada ya chupa ya mwisho anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu au watu ambao hawapo, homa inapanda. Hali hiyo inaua. Na aliyejifungia ndani peke yake siku tatu, nani atamwona?

Fundi, nijibu kwa ukweli: asubuhi, kabla ya kula, mikono inatetemeka? Unaamka shuka limelowa jasho? Umewahi kuanguka? Ukisema ndiyo hata kwa moja, muone munganga (daktari) kwanza, kabla ya kupunguza chochote. Kuna dawa za kutuliza mwili zinazotolewa siku chache tu, chini ya uangalizi, na kuna vitamini B1, kwa sababu pombe inaimaliza mwilini na ikikosekana ubongo unaumia. Usinunue diazepamu (dawa ya kutuliza) mwenyewe kwenye famasi ya barabarani. Ikikutana na pombe inaweza kukuzuia kupumua. Hapa mjini kituo cha Joseph Guislain cha Frères de la Charité kinahudumia afya ya akili, na mambo ya pombe yamo. Watu wanaona haya kuingia kwa sababu majirani watasema umekuwa kichaa. Ingia tu.

Nikupe na hesabu. Chupa kubwa ya sentilita kama 70, yenye asilimia 5, ina karibu gramu 28 za alkoholi tupu. Tatu ni zaidi ya gramu 80 kwa jioni moja, na kwa mwanaume juu ya gramu 60 kwa siku inahesabiwa kuwa hatari kubwa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya, kwa hiyo kila chupa unayoiondoa ni faida. Kama hutetemeki, ondoa kama sehemu moja ya kumi kila baada ya siku tatu au nne. Kwako njia rahisi ni kuanza na chupa ya tatu: badala ya kubwa chukua ndogo ya 33, ukizoea iondoe, kisha uje kwenye ya pili. Mwili ukianza kutetemeka, usishuke zaidi, baki hapo ulipo na uende kwa munganga.

Mama wa Kamalondo

Mwanangu fundi, mimi niliuza pombe Kamalondo miaka mingi, na nilikuwa nakunywa na wateja wangu mpaka nikaanza kupunguza nikiwa bado humo humo ndani. Leo nauza vitambaa. Infirmie amekueleza ya mwili, mimi nikueleze ya bar, kwa sababu nilikaa upande wa pili wa kaunta na najua tulivyokuwa tunafanya.

Mtu akiingia, kabla hajakaa tunamsalimia kwa jina na chupa imeshafunguliwa. Chupa iliyofunguliwa hairudi. Michopo (nyama ya kuchoma) tunaitia chumvi nyingi, na chumvi inaita ya pili. Meza ikiwa na watu watano, kila mmoja atatoa zamu yake, basi umekuja kwa chupa moja na utaondoka na tano, hakuna aliyekulazimisha. Chupa tupu zinabaki mezani ili tuzihesabu mwisho, wakati wewe huwezi tena kuhesabu. Na daftari la deni, mwanangu, ndilo linalokurudisha kesho hata kama ulipanga kupita njia nyingine. Lipa deni lako lote kwanza. Bila hivyo hutapunguza.

Unachonywa kinaamuliwa kabla hujavuka mlango ule. Kwa hiyo panga mambo yako mchana. Kuanzia saa kumi kunywa maji, lita nzima, polepole, ukiwa bado na mashine mkononi. Wewe unachomelea, umekauka, nusu ya hamu yako ni kiu ya kweli. Bibi akuletee bukari (ugali) na sombe (kisamvu) hapo hapo atelie kabla ya kufunga, au angalau mikate na karanga. Mimi mteja aliyefika ameshiba nilikuwa najua mapema, huyu leo hatanilipa kitu.

Habari ya malipo: chukua kipande cha bati, andika kwa rangi kwamba kazi inachukuliwa asubuhi, saa mbili mpaka saa sita, na malipo ni hapo hapo. Hakuna mteja atakayekukimbia kwa hilo. Anayetaka mlango mzuri ataamka. Saa mbili asubuhi nani atakuita bar? Na ukishapewa avansi (malipo ya awali), tuma sehemu ya bibi kwa simu mbele ya mteja, kabla pesa haijalala mfukoni. Akikushika mkono jioni kukualika, mwambie "leo sukre" na uishike chupa yako ya sukre (soda) mkononi, kwa sababu mkono mtupu watu wanaujaza. Usiseme unakunywa dawa za munganga. Watakuuliza dozi inaisha lini, na siku hiyo watakungoja.

Umeme ukikatika, hamisha kiti. Nasema kweli, kiti chenyewe, kiweke upande wa nyuma. Kuna kazi isiyotaka umeme: kupiga tupa, kupima, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kwenda kudai madeni yako. Weka kazi hizo kando kwa ajili ya saa hizo.

Kwenye kilio omba kazi. Shika viti, kuni, maji, gari la makaburini. Anayehudumia hamiminiwi, na hakuna atakayesema umedharau marehemu. Mazembe itazame kwa shemeji au jirani asiyekunywa, uende na watoto.

Hamu yenyewe ikikupanda utadhani haitashuka mpaka unywe. Inashuka. Mara nyingi ni robo saa, wakati mwingine nusu saa, halafu inalegea. Mimi nilikuwa naosha bilauri zote upya, hata zilizo safi, au nampigia dada yangu Likasi tunaongea mambo ya watoto. Tafuta cha kufanya kwa nusu saa hiyo, na kijulikane mapema, kwa sababu ukianza kukitafuta wakati koo linaita hutakipata.

La mwisho: mwambie mwenye bar. Nenda asubuhi, bar ikiwa tupu, umwambie "mama, kwangu usifungue mpaka niseme, na zikifika mbili usinipe nyingine". Wapo watakaocheka. Mimi wateja walioniambia hivyo niliwaheshimu na niliwalinda hata mbele ya marafiki zao, na sikuwa peke yangu.

Mwalimu, komini ya Kenya, Lubumbashi

Fundi, nimesoma yote lakini mawazo yangu yamebaki kwa yule mtoto. Nafundisha wa umri huo. Usimwahidi kwamba umeacha, watoto wanaishi na ahadi hizo na zinawavunja. Mwambie tu jambo dogo ambalo ataliona kwa macho: siku ya Jumanne na Alhamisi nitakula na ninyi saa moja. Halafu ufike saa moja. Taa ataacha kuizima mwenyewe, bila wewe kumgusia habari hiyo.

Fundi wa Katuba

Aksanti sana, wote. Maneno ya mama wa Kamalondo nimemsomea bibi kwa sauti, akaniomba nirudie pale pa pesa ya simu. Tumekubaliana, na leo nimeshaandika bati. Deni la bar nitalimaliza na geti ninalokabidhi wiki hii. Mwalimu, Jumanne nimeichukua.

Infirmie, umeniuliza kwa ukweli nami nakujibu kwa ukweli. Kuanguka sijawahi. Lakini Jumatatu asubuhi, hasa baada ya kilio au mechi, mikono inatetemeka mpaka nipate chai, na siwezi kunyoosha mstari wa kuchomelea vizuri. Nilidhani ni uchovu. Je, niendelee na mpango wa chupa ndogo?

Na swali jingine: rafiki ananiambia nibadilishe, nichukue lutuku (pombe kali ya kienyeji) kidogo tu, bei ni ndogo na kiasi ni kidogo. Bibi yeye anasema munkoyo (kinywaji cha mahindi). Nani ana haki?

Infirmie, Kampemba

Aksanti kwa kusema. Kutetemeka huko kunatosha kukupeleka kwa munganga wiki hii, kabla ya kushusha hata chupa moja. Mpaka umuone, usikate ghafla, usiongeze, kula vizuri na kunywa maji. Na mashine usiishike mikono ikiwa hivyo, kwa usalama wako na wa vijana unaofanya nao kazi.

Lutuku hapana. Ni pombe ya kutoneshwa kwa moto, nguvu yake hakuna anayeipima, kilauri kidogo kinaweza kuzidi chupa yako ya bia. Na ikitengenezwa vibaya inaweza kuwa na metanoli, alkoholi yenye sumu ambayo inapofusha macho na kuua. Huyo rafiki usimkasirikie, lakini shauri lake liache.

Bibi yuko karibu na ukweli. Munkoyo ya leo, tamu, inayonywewa nyumbani na watoto, haina neno. Ikikaa siku kadhaa inachacha na pombe inaongezeka ndani yake, kwa hiyo inywewe mbichi, na iliyochacha mwageni.

Nenda asubuhi, mwende na bibi. Wiki hii andika kila siku ulichokunywa, chupa kubwa au ndogo, na saa ya chupa ya mwisho, ubebe karatasi hiyo. Ukifika usione haya ukapunguza hesabu mbele ya munganga, kwa sababu dawa atakayokupa ataipima kwa kiasi utakachomwambia.