Kati ya Mji Mkongwe, Lamu na Bagamoyo: wapi pa kuishi na wapi pa kutembelea?

Mwalimu wa Kihonda aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi na mume wangu tunakaribia kustaafu ualimu hapa Morogoro, na kwa muda mrefu tumetamani kuhamia mji mdogo wa zamani katika pwani, mji ambao mtu huenda sokoni kwa miguu, huwajua majirani zake kwa majina, na huishi kati ya majengo yaliyosimama tangu kabla ya babu zake kuzaliwa. Mawazo yetu yameishia kwenye miji mitatu: Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Bagamoyo. Yote tumeitembelea, lakini nafahamu kwamba mgeni huona milango ya nakshi, asione mfereji wa maji machafu unaopita mbele yake.

Tungependa kupanga nyumba, si kununua. Mume wangu anasumbuliwa na magoti pamoja na shinikizo la damu, hivyo ni lazima aonane na daktari mara kwa mara. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote, na kwangu ni muhimu kwamba mji uwe bado na watu wake, usiwe makumbusho. Nawaomba wanaoishi huko waniambie ukweli: ni upi kati ya miji hii unaofaa kuishi, na ni upi unaofaa kutembelea tu?

Mkaazi wa Mkunazini alijibu:

Karibu sana, mwalimu. Nimezaliwa Mji Mkongwe na bado naishi humo. Katika miji uliyoitaja, huu ndio ambao mwenye maradhi ya kudumu anaweza kuishi bila ya wasiwasi mkubwa, kwa sababu Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ukingoni mwa mji na hufikiwa kwa miguu, soko la Darajani liko karibu, na boti za kwenda Dar es Salaam huondoka kila siku kwa safari ya takriban saa mbili, ikiwa daktari wa hapa ataona upelekwe Muhimbili. Wapo wazee wanaokaa mwaka mzima bila ya kuhitaji gari.

Jambo la kuangalia kwa makini ni nyumba yenyewe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ukuta wa namna hii huvuta unyevu na kuutoa, maadamu umepigwa lipu ya chokaa. Fundi akiupiga saruji ili uonekane mpya, unyevu hubaki ndani, chumvi huanza kula, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hutoka mapande kwa mapande na kuondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba hupiga saruji nyingine juu yake, na mambo huzidi kuharibika. Ongeza na historia yetu: baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilizoachwa na wenyewe zilikaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, kodi zikawa ndogo, na paa ambalo ni la wote likakosa wa kuliziba. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo usitosheke na rangi mpya ukutani.

Kuhusu magoti ya mzee, hapo nina khofu. Ngazi za nyumba hizi ni za mwinuko mkali, vidato vyake ni virefu, na aghlabu hazina pa kushika. Vyumba vya chini, ambavyo vingemfaa, vingi vimekuwa maduka ya vinyago na vitenge. Tangu mji uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wenye nyumba wengi wameona faida ya kupokea wageni wa siku mbili tatu kuliko mpangaji wa miaka, na linaniuma kuona mtaa ambao tulikuwa tukipelekeana futari nyumba kwa nyumba sasa una nyumba za wageni zisizo na mtu wa kupelekewa. Hata hivyo ukienda Mkunazini, Kiponda au Malindi bado utasikia watoto wakisoma chuoni alasiri na utakuta wanaume barazani baada ya Magharibi. Mji haujafa.

Mwana wa Langoni alijibu:

Assalaam alaykum, mwalimu. Nikiwa Mlamu ningependa kukwambia uje kwetu leo, lakini kwa hali ya mzee nitajizuia.

Ukitaka mji ambao watu wake wamebaki ndani ya nyumba zao, Lamu inaipita Zanzibar kwa mbali. Mji wetu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na bado mtoto hukua katika nyumba aliyokulia bibi yake, yenye zidaka, yaani vishubaka vya chokaa ukutani, na ua mdogo wa kupokelea mwanga katikati. Mitaa ni myembamba kiasi cha kutopitisha gari, hivyo mawe, mchanga, unga na hata takataka hubebwa na punda. Kila Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, watu humiminika kutoka pwani nzima kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, na kwa siku hizo hakuna mlango wa Langoni unaofungwa kwa mgeni. Mwalimu wa historia atapata pia ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya vita vya Shela.

Sasa upande wa pili. Lamu ni kisiwa, na uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya mkondo. Anayekuja kwa basi kutoka Mombasa hushuka Mokowe na kuingia mashua. Hospitali ya King Fahd ipo mjini na hufanya kazi yake kwa matatizo ya kawaida, lakini ugonjwa ukizidi, mgonjwa huvushwa maji kwanza kabla ya jambo lingine lolote kufanyika, na usiku wa kusi kali safari hiyo fupi huwa ndefu. Barabara ya kutoka Garsen imetiwa lami na imepunguza taabu, ingawa miaka ya mashambulizi, kuanzia Mpeketoni mwaka 2014, iliwafanya wengi waogope njia ile, na hofu haiondoki kwa lami peke yake. Maji yetu matamu hutoka chini ya michanga ya Shela, ambako ujenzi wa majumba ya wenye fedha umekuwa ukisogea mwaka hadi mwaka, na hilo hutukosesha usingizi zaidi ya habari za bandari mpya.

Ushauri wangu ni huu: njooni mkae mwezi mzima, mpange nyumba mtaani badala ya hoteli ya pwani, mzee apumzike barazani, nawe ukae na akina mama wa mtaa. Lakini makazi ya kudumu myatafute mahali ambapo daktari hatenganishwi nanyi na maji.

Jirani wa Kaole alijibu:

Shikamoo mwalimu, na mzee pia mpe salamu zangu. Naona Bagamoyo inataka kusahauliwa, kwa hiyo naomba niitetee kwa haki.

Ni kweli kwamba ukilinganisha majengo, sisi tumeshindwa. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, kisha serikali ikahamia Dar es Salaam na mji ukaachwa. Leo ukipita barabara ya mji mkongwe utaona Boma la Kale, nyumba chache zilizokarabatiwa, na katikati yake magofu yenye miti iliyoota ndani ya kuta. Watu wengi hawaishi tena katika nyumba za mawe. Wanaishi Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo na mitaa mingine, katika nyumba za kawaida za tofali na bati.

Lakini mwalimu, hiyo ndiyo faida ya mzee. Nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja hupatikana bila taabu, ina uwanja wa kupanda mchicha, na kutoka hapo hadi ufukweni ni mwendo mfupi juu ya ardhi tambarare. Ipo hospitali ya wilaya, na Dar es Salaam iko umbali wa kilomita 70 hivi kwa barabara ya lami, isipokuwa foleni za Tegeta na Mwenge zinahitaji subira. Kuhusu historia, hutapungukiwa: misheni ya mwaka 1868 ambako mwili wa Livingstone ulilazwa kabla ya kuvushwa Zanzibar, misikiti na makaburi ya Kaole, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ambayo vijana wake hupiga ngoma hadi jioni. Ukifika soko la samaki mchana, mashua zikiwa zimeingia, utakuta mnada wa changu na jodari unaendelea mchangani, na kando yake karai za mafuta zikichemka. Hakuna anayefanya hayo kwa ajili ya watalii.

Msafiri wa Kusini alijibu:

Naongeza kwa ufupi. Kilwa Kisiwani ni ya kutembelewa, na kila mwalimu wa historia anapaswa kuufikia Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, katika mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331. Kuishi Kilwa Masoko ukiwa na mgonjwa, hapana. Pangani ni tulivu na nzuri, ila inakupeleka Tanga kwa kila hitaji kubwa.

Mwalimu wa Kihonda alijibu:

Ninawashukuru kwa dhati. Tumesomeana majibu haya na mume wangu, na tumekubaliana kwamba Lamu tutaikaa mwezi wa Maulidi kama alivyoshauri ndugu wa Langoni. Kwa makazi, mume wangu ameelekea Bagamoyo, nami moyo wangu bado uko Mji Mkongwe endapo tutapata chumba cha chini. Je, tuje kutafuta nyumba wakati gani, na tuangalie nini?

Mkaazi wa Mkunazini alijibu:

Njooni masika, mwalimu, mwezi wa Aprili, wakati kila anayeuza au kupangisha angependa msije. Kodi huwa imeshuka kwa kuwa wageni hawapo, na nyumba haiwezi kuficha kitu. Mwombe mwenye nyumba akupandishe hadi juu kabisa ulione paa, hata kama unapanga chini, kwani maji huanzia huko. Kisha angalia mahali boriti inapoingia ukutani: ikiwa ncha yake imekuwa nyeusi, au ukiigusa kwa ufunguo inaachia unga, ondoka. Gonga ukuta kwa kiganja. Lipu iliyoachana na jiwe hutoa sauti ya uwazi. Tangi la maji likiwa juu ya paa la zamani, uliza ni nani aliyeliweka na uzito wake unabebwa na nini. Mkataba muuandike kwa maandishi, na utaje bayana ni nani mwenye jukumu la paa. Na vyumba vya chini bado vinapatikana upande wa Malindi na Kiponda, mbali kidogo na njia za watalii. Nitaanza kuwaulizia majirani kuanzia wiki hii.