Daktari ampime mgonjwa mwenye hofu kila anachodai?

Wana jamvi, habari za jioni. Hapa Dar mtu moyo ukimwenda mbio usiku anashika simu, anaandika dalili, na kabla ya alfajiri keshajipa ugonjwa wa moyo. Asubuhi yuko hospitali ya Kinondoni anadai ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wiki ijayo Kariakoo anadai ileile. Majibu safi. Anatulia siku mbili, hofu inarudi.

Mimi nasema daktari akishampima vizuri na kumkuta salama, akatae kurudia. Kila kipimo kipya kinamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Na vipimo navyo hukosea: Widal, kipimo cha damu cha taifodi, inaweza kusoma taifodi kwa mtu asiye nayo, akarudi nyumbani na antibaotiki za bure. Bora akae naye dakika kumi amweleze kwamba ganzi ya vidole anayoisikia hofu ikimpanda inatokana na kuhema harakaharaka mpaka kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu. Kisha amwandikie rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili, Muhimbili wapo. Hofu ya ugonjwa nayo inatibika.

Dada wa Tabata: Mkuu, hizo dakika kumi anazitoa wapi na foleni ile? Mdogo wangu alikuwa anachoka, anakunywa maji usiku kucha, kila akienda anaandikiwa dawa za UTI, hajashikwa hata tumbo. Sisi ndio tuliosoma mtandaoni tukaomba apimwe sukari. Ikakutwa iko juu sana. Tungenyamaza?

Mleta mada: Hapana dada, na poleni. Mlidai kipimo ambacho hakijafanyika hata mara moja, hiyo ni haki yenu kabisa. Mimi nasemea ECG ya nne kwa moyo uleule.

Kaka wa Mbagala: Nakubaliana na mleta mada nusu. Akikataliwa hapo, anavuka barabara. Maabara binafsi zitampima chochote bila kumuuliza swali, mradi pesa ipo. Na hiyo rufaa ya afya ya akili, wengi hawaendi. Mgonjwa anasikia ameitwa chizi, ndugu nao wanamficha. Daktari aliyempima ndiye abaki naye: ampangie tarehe ya kurudi, mwezi hadi mwezi, aje hata kama siku hiyo haumwi, asiwe analazimika kutafuta dalili mpya ndipo asikilizwe.