Naomba ushauri: misimbo ya hitilafu kwenye Nissan Leaf, je, ninunue betri nzima?

Mkaazi wa Mtwapa

Ndugu zangu, salamu. Ninamiliki gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2016 yenye betri ya kilowati-saa 30, iliyoingia nchini kupitia bandari ya Mombasa ikiwa imekwisha kutumika Japani. Kila siku ya kazi ninatoka nayo Mtwapa hadi mjini Mombasa na kurudi, mwendo usiozidi kilomita 45 kwa jumla, na kwa miaka miwili haikunisumbua. Mwezi uliopita niliiacha imeegeshwa kwa siku 16 nilipokwenda bara kwenye msiba, na niliporudi nikaikuta dashibodi imejaa taa za onyo. Tangu hapo gari huenda vizuri mpaka chaji ishuke kufikia asilimia 30 hivi; baada ya hapo nikipanda daraja la Nyali, au nikikanyaga mafuta kwa nguvu (kama tunavyozoea kusema hata pasipo na tone la mafuta), taa yenye picha ya kobe huwaka, nguvu hupungua, na kipimo cha chaji huporomoka kwa ghafla.

Gereji moja iliunganisha mashine ya kupimia ikasoma misimbo miwili: U1000, na mwingine unaoanzia na P33 ambao maelezo yake yanataja volteji ya seli. Fundi hakuendelea kupima. Aliniambia kuwa betri kubwa imekufa na kwamba nitafute shilingi 650,000 za kununua nyingine iliyotumika. Fedha hizo ninaweza kuzipata kwa kujibana, lakini nisingependa kuzitoa kabla sijaelewa misimbo hiyo inasema nini hasa. Vijiti vya uwezo wa betri kwenye dashibodi vimebaki 9 kati ya 12.

Fundi Umeme

Ndugu, pole kwa msiba. Kabla ya jambo lolote, elewa kwamba msimbo ni malalamiko ya kompyuta kuhusu kile ilichokiona, nao haukuambii chanzo chake wala dawa yake. Herufi ya kwanza huonyesha sehemu inayolalamika: P ni mfumo wa nguvu za gari, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta zake. U1000 kwenye magari ya Nissan maana yake ni kwamba kompyuta mojawapo ilikosa kusikilizana na nyenzake, jambo linalotokea mara kwa mara pale ambapo betri ndogo ya volti 12 imechoka. Wewe uliliacha gari kwa siku 16. Ningeanza kwa kuipima betri hiyo ndogo asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa chini ya volti 12.4, ichaji au ibadilishe, kisha ufute misimbo yote na uendeshe siku tatu nne uone upi utarudi. Ni aibu kuuziwa betri ya kilo karibu 300 kwa sababu ya betri ndogo unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, dalili ya kobe kwenye asilimia 30 siitilii shaka: hiyo haielekei kutoka kwenye betri ndogo. Msimbo wa P33 nautarajia urudi.

Bibi Chaji

Ninaongezea hapo alipoishia Fundi Umeme. Betri ya gari lako ina seli 192 zilizopangwa kwa jozi, na jozi hizo 96 zimefuatana kama watu walioshikana mikono, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye zote. Jozi moja ikidhoofika, itafika chini kabla ya wenzake, na kompyuta ya betri italazimika kukata nguvu ili kuilinda, hata kama zile 95 nyingine bado zina chaji ya kutosha. Ndiyo sababu unaona kipimo kinaporomoka: hesabu ilikuwa ya betri nzima, lakini mlango umefungwa na jozi moja.

Nunua kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth (huchomekwa kwenye soketi ya kupimia gari na kutuma takwimu zake kwenye simu), kisha uweke programu ya LeafSpy kwenye simu yako. Itakuonyesha volteji ya kila jozi kama safu ya vijiti 96. Piga picha ya skrini mara tatu: gari likiwa limejaa chaji na limepumzika, chaji ikiwa nusu, na chaji ikiwa asilimia 25 huku mwenzako akiendesha na kuongeza mwendo kidogo. Gari likiwa limejaa, tofauti baina ya jozi ya juu kabisa na ya chini kabisa inaweza kuonekana ndogo, milivolti 20 au 30, na ukadhani kila kitu ni kizima. Udhaifu hujitokeza chaji ikiwa chini na gari likitumia nguvu nyingi. Ikiwa jozi ileile, yenye nambari ileile, inazama peke yake katika kila picha, tatizo lako ni moduli moja, yaani kile kisanduku cha seli chenye jozi hiyo. Ikiwa safu nzima imeshuka kwa pamoja, betri imezeeka na hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu betri ya Leaf haina kimiminika wala feni ya kuipoza na joto la Pwani halina huruma.

Msafiri wa Voi

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Ukibadilisha moduli moja leo, mwakani itadhoofika nyingine, na kila mara utalipa gharama ya kushusha betri. Afadhali kutoa fedha mara moja ukapumzika.

Bibi Chaji

Bwana Msafiri, hoja yako ina uzito kwa mtu anayeendesha Mombasa hadi Voi. Ndugu yetu anahitaji kilomita 45 kwa siku. Vijiti 9 ni takriban asilimia 66 hadi 72 ya uwezo wa awali, kwa kuwa kijiti cha kwanza huondoka uwezo unapofika asilimia 85 na vinavyofuata huondoka kila unapopungua kwa asilimia sita na robo. Hata kwa uwezo huo safari yake inabaki na akiba nzuri, mradi ile jozi dhaifu iondolewe. Tena hiyo betri ya 650,000 nayo imetumika. Je, gereji imekuonyesha volteji za jozi zake, au unanunua ng'ombe aliye zizini usiku?

Mtu wa Kilifi

Jambo moja ambalo halijaguswa. Betri za kilowati-saa 30 zilikuwa na kasoro ya programu iliyofanya kompyuta ya betri ihesabu uwezo chini kuliko ulivyo. Wamiliki wa New Zealand waliligundua jambo hilo walipolinganisha takwimu za magari yao, na mwaka 2018 Nissan ikatoa programu ya kulirekebisha. Magari mengi yaliyotumika yalisafirishwa bila kufanyiwa marekebisho hayo, kwa hiyo vijiti 9 huenda si 9 vya kweli. Hili halitatibu kobe, lakini linaweza kubadilisha hesabu yako ya kununua betri nzima.

Vilevile, ukisikia msimbo P0AA6 ukitajwa, huo ni umeme wa volteji kubwa unaovuja kuelekea kwenye bodi ya gari. Usimruhusu mtu auite betri mbovu bila kupima. Kwenye gari langu ulitokea baada ya fundi wa kiyoyozi kuongeza mafuta ya kawaida ya kompresa. Kompresa ya umeme inataka mafuta ya aina ya POE, ambayo hayapitishi umeme. Nusura nibadilishe betri nzima.

Mkaazi wa Mtwapa

Nimerudi baada ya siku tisa. Betri ndogo ilikuwa na volti 11.9, nimeibadilisha, na U1000 haijarudi tena. Msimbo wa P33 ulirudi siku ya tatu. Chaji ikiwa imejaa, tofauti ilikuwa milivolti 28. Chaji ikiwa asilimia 25 na tukipanda daraja, jozi ya 61 ilikuwa volti 3.29 wakati nyingine zote zilikuwa baina ya 3.62 na 3.64. Nimerudia mara tatu, na kila mara ni 61.

Nimemwonyesha picha hizo fundi mwingine, naye amekubali kubadilisha moduli moja kwa shilingi 70,000 pamoja na kazi. Je, nimwulize nini kabla sijampa gari?

Fundi Umeme

Mwulize mambo matatu. Kwanza, je, moduli anayoleta imetoka kwenye betri ya kilowati-saa 30 kama yako, na uwezo wake unakaribiana na wa zile zilizobaki? Moduli yenye nguvu mno haitakuongezea kilomita, kwa sababu wakongwe ndio watakaoamua mwisho wa safari. Pili, je, ataisawazisha volteji yake na ya wenzake kabla ya kuifunga? Akiifunga ikiwa juu au chini, utaona msimbo uleule na utadhani umeibiwa. Tatu, mwulize anaanzaje kazi. Akikujibu kwamba hung'oa plagi ya huduma (ile inayokata umeme wa betri kubwa), husubiri angalau dakika kumi, huvaa glavu za volti 1000, kisha hupima kuhakikisha hakuna umeme kabla ya kugusa kitu, mpe ufunguo. Akicheka, ondoka na gari lako.

Mkaazi wa Mtwapa

Nimemwuliza. La tatu alilijibu kabla sijamaliza swali, na glavu akanionyesha. La kwanza ameomba hadi Alhamisi ili apate moduli inayolingana na yangu. Mpaka hapo ninachaji kila ninapofika asilimia 40, na daraja la Nyali ninalipanda polepole, huku matatu zikinipigia honi.