Mlinzi akizubaa kidogo tu, kwa nini watu wa jengo zima la uwanja wa ndege wanatolewa nje?

Kiti_cha_Dirishani:
Wakuu, tarehe 3 Januari 2010 pale uwanja wa ndege wa Newark, Marekani, mtu mmoja alipenya chini ya kamba kwenye njia ya kutokea. Terminali C, yaani jengo moja la abiria, ikasimama kwa saa sita hivi na maelfu ya abiria wakapekuliwa upya. Kwani wasingemtafuta huyo mmoja tu?

Mlango_Mmoja:
Mkuu, kinacholindwa pale ni eneo zima. Ndani panahesabika salama kwa kuwa kila kilichomo kimepita mashineni. Akiingia mmoja bila kupekuliwa, anaweza kumkabidhi mwenzake kitu, au kukiacha kwenye pipa la taka au chooni. Hata ukimkamata hujui ameacha nini. Kwa hiyo upandaji ndege unasimamishwa, watu wanatolewa, viti, mapipa na vyoo vinapekuliwa, ndipo foleni inaanza upya.

Kilichoiponza zaidi Newark ni muda. Mlinzi alikuwa ameondoka mahali pake. Kamera za wakaguzi hazikuwa zikirekodi, ikabidi kuomba picha za shirika la ndege. Jamaa aliyepenya alikwenda kumuaga mpenzi wake tu, na baada ya dakika kama 20 alishatoka kwa njia nyingine. Jengo likapekuliwa kumtafuta mtu ambaye hayumo.

Rangi_ya_Chungwa:
Kwenye eksirei makosa ni ya kimya zaidi. Rangi ya chungwa kwenye skrini ni chakula, karatasi, nguo, na vilipuzi vingi pia. Buluu ni chuma. Ndiyo maana kipande kikubwa cha jibini husimamisha begi.

Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2005 ulionyesha kuwa kitu kinachotafutwa kilichokuwamo kwenye nusu ya picha kilikoswa kwa asilimia 7. Kilipokuwamo kwenye picha 1 kati ya 100, kikakoswa kwa asilimia 30. Jicho likizoea "hakuna", linaacha kutafuta. Kwa hiyo programu ya mashine hupachika picha ya bastola ndani ya begi la abiria halisi, na mkaguzi asipobonyeza kitufe, inaandikwa kwamba kaikosa. Ulaya kanuni ni kutazama skrini dakika zisizozidi 20 mfululizo, kisha macho yapumzike 10.

Kiti_cha_Dirishani:
Sasa mlinzi akishakosea afanyeje?

Mlango_Mmoja:
Apige kengele palepale, ataje nguo, mwelekeo na saa. Asimkimbilie mtu akaacha mlango wazi. Dakika ya pili unaweza kufunga korido moja. Dakika ya 20 kuna ndege zimeshaondoka. Tatizo ni hofu ya kufukuzwa: mtu anaanza kutafuta mwenyewe kimyakimya, na dakika zile ndizo zinazofunga jengo. Anayetoa taarifa mapema asiadhibiwe sawa na anayeficha.

Rangi_ya_Chungwa:
Na abiria tusimtukane anayetupekua mara ya pili, si yeye aliyeacha kamba. Ukitolewa nje, toka na begi lako na pasi ya kupandia ndege. Maji uliyonunua ndani yanywe kabla ya kurudi kwenye foleni. Penye kanuni ya vimiminika visivyozidi mililita 100, utaikuta tena mlangoni.